Kikao cha Jina

Tulikaa nyuma ya mashine ya kusaga ya Apolinari, Pasua,
wengine juu ya magunia, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa,
watu kumi na saba wa kuzikana na kukopeshana,
na ajenda ilikuwa moja, mimi katibu nimeipigia mistari miwili:
tuzo za mwisho wa mwaka zipate jina.

Jina la kuchekesha, Nakijwa alisisitiza,
kwa kuwa mwaka huu tumezika wanne
na kicheko tunadaiana kuliko marejesho.

Tuzo zenyewe zilikwishajulikana:
ya mchelewaji;
ya aliyekopa akabadili namba;
ya mtori ulioshika chini tukaambiwa ni moshi wa mji;
na ya udhuru mtamu, ambayo ni ya Mbonea, hana mpinzani,
amefiwa na shangazi mara tatu
na shangazi alikuwa mmoja.

Ndelilio akafungua: "Ziitwe Ndafu ya Dhahabu."
Tukamuuliza mbuzi yuko wapi. Akakaa.
Priska akasema, "Sufuria Bila Mkono,"
tukacheka hadi tukamwona Mama Eliainenyi
anatazama vidole vyake,
tukakumbuka sufuria ni yake, na msiba ulioivunja ni wake.
Nililifuta jina lile mpaka karatasi ikatoboka.

"Basi Tuzo za Mlima."
"Mlima una kichekesho gani?"
"Unacho," akasema Kyaruzi, mgeni wetu wa Bukoba.
"Miezi saba nipo Moshi sijauona.
Nilidhani mmekubaliana kunitania."

Saa ikapita. Hakuna kitu kizito
kama watu wazima wanaotafuta mzaha kwa kura.
Apolinari ana wateja, mahindi yamepanga foleni,
akawasha mashine katikati ya hoja,
na mwenyekiti, kwa uchovu, akapiga kelele juu ya kelele:
"Tuzo za Uungwana! Tumemaliza!"
Mbonea akahesabu kwa vidole, maana fundi hulipwa kwa herufi:
"Uungwana, nane. U moja ya nini?"
Tukamnyamazisha.

Nikampigia Felichismi, mwandika vibao wa Kiboriloni,
sikio moja kwenye simu, la pili nimeliziba kwa kiganja,
pumba inanipanda puani.
Nikamtajia jina mara tatu.
"Nimekupata, katibu," akasema. "Nimekupata vizuri sana."

Jumamosi kibao kikafika kimefungwa gazeti.
Rangi nyekundu, kivuli cheusi, ua kila pembe,
kazi safi ya mtu asiye na shaka:

TUZO ZA UNGA WANA

Kimya.
Nilitafuta pa kuficha uso, ukuta ukanipaka weupe.
Mbonea akasogea, kidole juu ya rangi mbichi:
"Nane. Bei ileile."

Hapo ndipo kilipotoka, kicheko cha Mama Eliainenyi,
ambacho hatukukisikia tangu Agosti.
Kilianza kama kikohozi, kikamwinamisha,
unga ukamdondoka kwenye kope,
na kila tulipodhani kimekwisha alinyoosha mkono kwenye kibao
kikaanza upya.

Kisha akasoma tena, polepole,
neno moja, halafu la pili,
kama mtu anayesomewa hati ya mahakama.
Unga. Wana.
Wanawe wawili hawajasalimiana
tangu kihamba kipimwe kwa kamba.

"Sherehe ikiisha," akasema, "mtanipa hiki?"
Hakuna aliyeuliza cha nini.
Mbonea pekee alitaka kujua nani atalipia usafiri.

Nimeandika kwenye muhtasari:
jina limepita.
Waliopinga, hakuna.
Waliopiga chafya, wote.